Kikao cha Dharura Kuhusu Kufungua Wimbo wa Mwalimu Makokha Bila Kubadilisha Chochote Kwenye Kompyuta Yake

KWAYA YA MATISI, KITALE

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati, kilichofanyika Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, kuanzia saa tisa na nusu alasiri, sebuleni kwa marehemu Mwalimu Makokha, mtaani Matisi.

WALIOHUDHURIA
Bw. Ndung'u – Mwenyekiti (tenor)
Bi. Gladwell Nyaruai – Mweka Hazina na kiongozi wa soprano
Bi. Jentrix – kiongozi wa alto
Bw. Mukhisa – mjumbe (tenor), fundi wa simu
Bw. Kipyegon – Katibu (besi, kwa kukosa mwingine)

WALIOALIKWA
Mama Phelista Nasike – mjane wa Mwalimu Makokha
Mzee Wanyonyi – kaka mkubwa wa marehemu, kutoka Tongaren

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Kim – mjumbe (besi). Alituma ujumbe kwamba yuko kwenye foleni ya mashine ya kukausha mahindi na akitoka atapoteza nafasi.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi. Ilikuwa fupi kweli, kwa sababu mahindi yake yalikuwa yameanikwa kwenye turubai kando ya barabara na wingu lilikuwa limesimama upande wa Mlima Elgon. Aliomba radhi mapema kwamba atakuwa akitoka nje mara kwa mara. Alitoka mara tu baada ya kusema hivyo.

Wajumbe waliombwa wakae. Viti vingi vilikuwa vimepelekwa kwa wageni wa matanga waliokuwa chini ya hema, kwa hivyo Mzee Wanyonyi alipewa sofa na Bi. Jentrix akakalia mkono wake mmoja, yaani mkono wa sofa. Mama Phelista aliletewa kiti cha plastiki. Alishukuru, akaweka thamosi juu yake, akaendelea kusimama. Katibu ameandika kumbukumbu hizi juu ya friji, na anaomba mwandiko wake usamehewe pale friji ilipotetemeka.

KUMB. NA. 2/11/2025: SABABU YA KIKAO

Mwenyekiti aliporudi alieleza kwamba ajenda ni moja. Mwalimu Makokha, aliyeanzisha kwaya hii na kuifundisha mpaka alipolazwa, atazikwa Jumamosi nyumbani kwao Tongaren. Familia imeiomba kwaya iimbe wimbo wake wa mwisho, Shukrani ya Mavuno, ambao aliuandika mwenyewe kwa noti za solfa na kuumaliza kabla ya kuugua. Wimbo huo umo ndani ya kompyuta yake, ile iliyoko mezani chini ya kitambaa cha kufuma.

Alikumbusha kwamba kwaya imekuwa ikifanya mazoezi ya wimbo huo hapa nyumbani tangu Jumapili, kwa kutumia karatasi zilizochapishwa na Bw. Mukhisa. Jana jioni, katikati ya mazoezi, Mama Phelista alitoka jikoni akaambia kwaya kwamba wanachoimba si wimbo wa mume wake. Kisha akarudi jikoni. Kikao kimeitwa ili kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, wimbo wenyewe upatikane kabla ya Jumamosi.

Mwenyekiti aliongeza kwamba Bi. Linet, mwalimu wa kwaya ya Bungoma mjini, amepiga simu kusema wako tayari kuimba kwa niaba yetu ikiwa tumechoka. Bi. Jentrix aliuliza ni nani amechoka. Mwenyekiti alisema hakuna. Bi. Jentrix aliomba iandikwe, na imeandikwa.

KUMB. NA. 3/11/2025: KARATASI ZA JUMAPILI

Kwa faida ya watakaosoma haya bila kuwa wanakwaya: solfa huandikwa kwa herufi za kawaida, d, r, m na wenzake, kwa mistari minne, kila sauti na mstari wake. Herufi zinazoimbwa kwa pamoja lazima zisimame moja juu ya nyingine, sawasawa, kama matofali ya ukuta. Kistari maana yake ni shikilia noti uliyonayo. Mambo hayo yakisogea kidogo tu, kila sauti inaingia wakati usio wake, na kuna watu wanaachwa wakishikilia.

Bw. Mukhisa alieleza kwamba alifungua wimbo kwa programu ya kuandikia barua iliyomo kwenye kompyuta hiyo. Aliona kwamba noti hazikusimama sawa, na kwamba programu ilijitwika kazi ya kugeuza baadhi ya herufi kuwa kubwa, lakini akadhani ni mtindo mpya wa Mwalimu. Alijaribu pia ile programu ndogo ya kuandika iliyokuja na mashine. Kwa kuwa mashine ni ya zamani, hiyo ndogo ilimwaga wimbo wote kwa mstari mmoja mrefu uliotoka nje ya skrini na usionekane ulikoishia. Kati ya hizo mbili alichagua iliyo afadhali.

Bi. Jentrix alisema hakuwa amenyamaza. "Niliwaambia Jumapili. Alto inashikilia noti moja mpaka macho yanatoka. Hakuna mwalimu anaandika hivyo, isipokuwa anataka kwaya imfuate huko alikoenda."

Bw. Mukhisa aliuliza, "Si uliimba lakini?"

"Niliimba nikilalamika. Mdomo wangu unaweza kazi mbili."

Ilikumbushwa kwamba maneno ya wimbo ni ya kushukuru kwa mavuno, ghala kujaa na vikapu kuletwa, ilhali sauti ilikuwa ya huzuni isiyo na mwisho. Wajumbe walikiri kwamba walilifikiria jambo hilo, na wakakubaliana kuwa Mwalimu alikuwa mtu wa kusoma sana. Siku ya Jumatatu mchungaji alipita, akasikiliza, akasema hajawahi kusikia mahindi yakiimbwa kwa uzito huo. Besi yote ilikuwa ikilia. Katibu anaweka wazi kwamba jioni hiyo besi yote ilikuwa ni yeye.

KUMB. NA. 4/11/2025: MAELEZO YA MAMA PHELISTA

Mama Phelista alialikwa aeleze. Alieleza akiwa anakunja leso, akiikunjua, akiikunja tena.

Alisema: "Mimi sisomi hizo herufi. Lakini huyo mtu aliuimba hapa ndani akipiga viatu rangi, akingoja maji yachemke, akitafuta miwani na iko kwa kichwa. Ulikuwa unaenda. Huu wenu umekaa chini."

Bi. Gladwell alimwomba kwa upole awaimbie hata kidogo. Mama Phelista alianza, akaacha. Alisema akianza kuimba unapotea, akinyamaza unarudi. Hakuombwa tena.

Mzee Wanyonyi aliomba nafasi. Alisema, kwa heshima zote kwa shemeji yake, kwamba huko Tongaren tayari watu wanauliza kwa nini mashine ya ndugu yake inafunguliwa kabla mwenyewe hajafika kaburini. Kuna wanaosema mama anatafuta kitu humo ndani, na kwamba wimbo ni ufunguo tu. Alisisitiza kwamba yeye hasemi hivyo, yeye amebeba tu.

Mama Phelista alimjibu, "Umebeba vizuri, shemeji. Hata haijamwagika."

Mzee Wanyonyi alitazama viatu vyake. Mwenyekiti, aliyekuwa ameingia kutoka nje akiwa na punje za mahindi kwenye soli, alisema ni vizuri jambo likae wazi mbele ya wote. Ikiwa wimbo utafunguliwa vizuri na uonekane ni uleule wa karatasi, basi hawa wanaosema watapata la kusema, na wataenda nalo mpaka kwenye mazishi na baada ya mazishi. Alimuuliza Mama Phelista kama anaelewa hilo.

Mama Phelista alisema analielewa kuliko yeye, kwa sababu ni yeye atakayebaki nalo. Na bado anataka ufunguliwe.

KUMB. NA. 5/11/2025: MASHARTI YA MZEE WANYONYI

Mzee Wanyonyi alieleza kwamba kwa desturi ya nyumba yao, vitu vya marehemu hubaki kama alivyoviacha mpaka siku ya kunyolewa, siku chache baada ya mazishi, wazee wanapoketi na kutaja nini ni cha nani. Kabla ya hapo hakuna kuongeza, kupunguza wala kugeuza. Mashine ni kitu cha kazi cha ndugu yake na iko ndani ya desturi hiyo, hata kama mababu hawakuitaja kwa jina.

Alisema hakatazi kuangalia. Mtu anaweza kusoma gazeti lililo mezani kwa marehemu. Ila halipeleki kwake na haandiki juu yake. Kuhusu kwamba mashine ilishafunguliwa Jumapili, alisema ndiyo kwanza anasikia leo, na ameimeza. Bw. Mukhisa alimshukuru.

Shukrani zilikuwa za mapema. Bw. Mukhisa aliendelea kusema kwamba tatizo ni dogo na linahitaji edita, yaani programu ya maandishi matupu isiyojifanya kujua kuliko mwandishi. Leo asubuhi alikuja na moja kwenye simu yake akajaribu kuiweka ndani ya kompyuta. Kompyuta ikadai neno la siri la msimamizi, na aliyekuwa akilijua ni Mwalimu peke yake. Kwa hivyo haikuingia.

Mzee Wanyonyi alisema ameimeza ya pili.

Bw. Mukhisa alisema hata hivyo yeye kama fundi anayo njia ya kuzunguka hilo neno la siri. Ikikubali, ni dakika chache. Ikikataa, atakopi vitu vyote pembeni, apige format, aweke kila kitu upya, na hakuna mtu atajua.

Mzee Wanyonyi aliuliza format ni nini. Bw. Mukhisa alieleza kwamba ni kufuta kila kitu kilichomo kwenye mashine. Bi. Jentrix alisogeza thamosi, ingawa haikuwa njiani mwa mtu.

Mzee Wanyonyi alisema: "Ati kijana, unasema mlango umefungwa, kwa hivyo tubomoe nyumba, halafu tujenge ingine inafanana?"

Bw. Mukhisa alisema likisemwa hivyo linasikika vibaya. Imeonekana vyema kuandika kwamba Bw. Mukhisa amevuka miaka arobaini, na kwamba hiyo "kijana" aliipokea vizuri kuliko maneno yaliyobaki.

Wakati huo simu ya Mwenyekiti iliita. Ilikuwa ni Bi. Linet wa Bungoma, akiuliza wimbo uko kwenye ufunguo gani wa sauti, ili watu wake wajiandae tu, si kwa ubaya. Mwenyekiti aliziba simu kwa kiganja akaangalia kamati. Bi. Jentrix alisema, "Mwambie tuko kwa kikao. Na umwambie tumelala vizuri, hatujachoka." Mwenyekiti alimwambia tuko kwa kikao.

KUMB. NA. 6/11/2025: PENDEKEZO LA BI. GLADWELL

Bi. Gladwell, ambaye ni karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya Kitale, alisema yeye hana ufundi wa Bw. Mukhisa, ila ana uzoefu wa kukatazwa. "Sisi huko kwa ofisi haturuhusiwi kuweka kitu. Hata kubadilisha picha ya nyuma ya skrini ni barua. Kwa hivyo tumejifunza kuishi hivyo."

Alieleza kwamba zipo edita za aina mbili. Moja ni ile ya kuwekwa ndani ya mashine, ambayo hujigawa kila mahali na ndiyo inayodai neno la siri. Nyingine huja kama folda iliyofungwa. Unaifungua kwenye flashi, na programu inafanya kazi kutoka hukohuko kwenye flashi. Haiombi neno la siri kwa sababu haiombi kuingia. Hata mapendeleo yake, kama ukubwa wa herufi, inayaandika kwenye folda yake yenyewe. Alikuwa nayo mkobani, aliipakua saa ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti aliuliza mbona hakusema Jumapili. Bi. Gladwell alijibu kwamba Jumapili Bw. Mukhisa alisema mambo ya mashine yaachiwe fundi. Bw. Mukhisa alikumbuka kuwa alisema vingine. Katibu alikuwepo, na kwa ajili ya umoja wa kwaya ameamua kutokumbuka.

Mzee Wanyonyi alimuuliza Bi. Gladwell hicho kitu kikishaingia kitalala wapi.

"Hakilali, mzee. Ni kama mgeni amekuja na kiti chake na chai yake kwa chupa. Akitoka, hata kikombe hamtaosha."

"Na huo wimbo utautoa humo?"

"Nitachukua nakala tu nipeleke kwa flashi, nifungue hiyo nakala. Ule wa Mwalimu sitaufungua wala kuuhifadhi upya. Ni kama kuandika mahubiri ukiwa kanisani. Mhubiri anabaki nayo."

Bw. Mukhisa, ambaye hadi hapo alikuwa amesimama dirishani akiwa amewapa watu mgongo, alisema ni lazima ukweli usemwe wote. Kompyuta itakumbuka. Itaweka mahali fulani kwamba siku hii flashi fulani ilichomekwa. Si kwamba haitaachwa alama kabisa.

Bi. Gladwell alikubali kwamba ni kweli, na akasema alipaswa kulisema mwenyewe. Wote walimgeukia Mzee Wanyonyi. Akasema, "Kukumbuka si kubadilisha."

Hapo Mama Phelista, aliyekuwa ameenda jikoni na kurudi mara kadhaa bila kuleta wala kupeleka kitu, alisema Mwalimu mwenyewe alikuwa na flashi kwenye shada la funguo, akiichomeka kila alipoandika nyimbo. Alienda nayo hospitalini, na nguo ziliporudi, funguo hazikurudi. Bi. Gladwell alisema basi hilo linaeleza kwa nini edita ya Mwalimu haimo ndani ya mashine. Hata Mwalimu alikuwa akija na yake na kuondoka nayo.

Mzee Wanyonyi alimtazama Mama Phelista kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze, akasema kumbe.

AZIMIO: Edita itumike kutoka kwenye flashi bila kuwekwa ndani ya kompyuta. Neno la siri lisitafutwe. Nakala ndiyo ifunguliwe. Flashi ikitoka, Mzee Wanyonyi ndiye atakayesema kama mashine iko kama ilivyokuwa. Lilipendekezwa na Bi. Jentrix na kuungwa mkono na Bw. Mukhisa, kwa sauti ndogo.

KUMB. NA. 7/11/2025: UTEKELEZAJI

Kitambaa cha kufuma kiliondolewa na Mama Phelista mwenyewe. Kompyuta iliwashwa. Inapowaka hupiga kamuziki, na ilikapiga kwa nguvu, kwa kuwa Mwalimu aliacha spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Watu wawili kutoka kwenye hema walichungulia. Walipewa chai.

Mzee Wanyonyi alipiga picha ya skrini kwa simu yake. Alipiga nyingine ikiwa kidole chake hakimo.

Bi. Gladwell alichomeka flashi. Taa ya sebuleni ilififia na kurudi, lakini kompyuta haikuzimika. Alibonyeza edita. Kukatokea kisanduku chenye maneno mengi ya Kiingereza. Katibu, ambaye ana miwani na kwa hivyo hudhaniwa ana elimu, aliombwa asome. Alisema kwa ufupi mashine inauliza, huyu ni nani? Mzee Wanyonyi aliuliza kama ni neno la siri inataka. Bi. Gladwell alisema hapana, inabisha hodi kwa niaba ya mgeni tu. Mzee alisema apite.

Edita ilifunguka. Ilikuwa nyeupe, haina urembo, haina kitu. Mwenyekiti, akiwa mlangoni nusu ndani nusu nje, aliuliza kama ndiyo hiyo tu. Akaambiwa ndiyo hiyo tu.

Nakala ya wimbo ilifunguliwa. Mistari ilikuja minne minne kama inavyotakiwa, haikumwagika, lakini noti bado zilikuwa zimeegemeana. Bw. Mukhisa alisema, bila furaha lakini pia bila huzuni kubwa, kwamba aliliona hilo Jumapili. Bi. Gladwell alisema subiri. Alichagua aina ya herufi ambayo kila moja hupewa nafasi sawa, herufi nyembamba na nene zikae upana mmoja.

Noti zilisogea zote kwa pamoja, zikasimama.

Bi. Jentrix aliweka kidole kwenye skrini, akakiondoa haraka aliposikia Mzee Wanyonyi akikohoa. Alisoma mstari wake kimya, midomo ikitembea. Kisha akasema, "Alto yangu haishikilii popote. Popote. Mukhisa, umenishikilisha siku tatu."

KUMB. NA. 8/11/2025: WIMBO WENYEWE

Kamati ilijipanga mbele ya skrini, wote wakisoma kutoka hapo. Bi. Gladwell alitoa sauti ya kuanzia.

Wimbo unakimbia. Soprano wanaita, alto wanaitikia kabla swali halijaisha, tena wanapita katikati kama watu waliochelewa, na besi inapiga chini bila kupumzika kama mashine ya kupukuchua mahindi. Katibu aliimba besi hadi mstari wa pili, kisha wimbo ukamwacha, kwa kuwa una mwendo usiolingana na kifua chake. Aliungana nao tena kwenye amina.

Mama Phelista alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kifuniko cha sufuria mkononi. Ulipofika mahali pa vikapu aliongoza yeye, neno kwa neno, akiwatangulia kidogo. Ulipoisha alisema, "Ndiyo huo." Hakumwangalia mtu yeyote kwa namna ya kushinda.

Mguu wa kulia wa Mzee Wanyonyi ulikuwa bado unapiga zulia. Alisema: "Hata kutembea alikuwa anatembea hivyo. Tukienda sokoni Bungoma tukiwa wadogo nilikuwa namwambia ngoja, ngoja bana." Kisha akasema kwamba huko Tongaren leo hii atapiga simu, na watakaouliza mama alikuwa akitafuta nini kwenye mashine wataambiwa alikuwa akitafuta wimbo wa mume wake, na kwamba aliujua kuliko kwaya nzima yenye karatasi. Na atasema ni yeye Wanyonyi ameshuhudia.

Alisimama, akamwambia Mama Phelista kwa heshima, "Nisamehe kwa mzigo niliobeba."

Mama Phelista alisema, "Umeshatua, shemeji. Kunywa chai."

KUMB. NA. 9/11/2025: JUMAMOSI

Mwenyekiti alileta swali gumu. Mchungaji na wageni wameupenda ule wa polepole, na wengine wameulizia karatasi. Huu wa kweli ni wa mbio. Je, kwaya itasimama kando ya kaburi ikicheza?

Bw. Mukhisa alipendekeza kuimba zote mbili. Bi. Jentrix alisema ule mwingine hauna mwenyewe, ni wa printa. Bw. Mukhisa alisema mwenyewe ni yeye, na kwamba watu walilia. Katibu aliutetea ule wa makosa kwa sababu ndio pekee anaouweza. Hoja yake haikupata wa kuiunga mkono.

Mzee Wanyonyi alisema yeye kama kaka ataamua, ila asikie mara moja tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama wako kaburini na watu wamenyamaza.

Kamati iliimba mara ya pili. Sauti ilikuwa ndogo lakini mwendo ulikuwa uleule. Mahali fulani kabla ya katikati, Mama Phelista alitoa thamosi kwenye kile kiti cha plastiki, akakaa. Akaegemeza kichwa ukutani.

Ulipoisha, Mwenyekiti alifungua mdomo ili aombe uamuzi, na Bi. Gladwell akamshika mkono. Mama Phelista alikuwa amelala. Kifuniko cha sufuria kilikuwa bado mapajani. Dada yake, aliyekuwa amekuja kutafuta funguo za stoo, alituambia kwa ishara kwamba hajalala tangu habari ilipotoka hospitalini, na kwamba atakayemwamsha atajua yeye.

Sehemu iliyobaki ya ajenda hii ilijadiliwa kwa kunong'ona. Mzee Wanyonyi alisema, "Aimbiwe huu."

AZIMIO: Jumamosi huko Tongaren iimbwe Shukrani ya Mavuno kama Mwalimu alivyoiandika na kwa mwendo aliouandika. Mwenyekiti amshukuru Bi. Linet na kwaya ya Bungoma, na awaalike waimbe nasi, kwa kuwa besi yetu inahitaji msaada. Hilo la mwisho ni ombi la Katibu na lilipita bila kupingwa. Bi. Gladwell achapishe karatasi mpya ofisini kutoka kwenye nakala ya flashi. Mazoezi kesho saa kumi, kanisani.

KUMB. NA. 10/11/2025: KUREJESHA MASHINE NA KUFUNGA KIKAO

Bi. Gladwell alifunga edita, akatoa flashi kwa taratibu zake, akaitia mkobani. Mzee Wanyonyi aliinama mbele ya skrini na simu yake, akalinganisha picha na kilichopo, kona kwa kona. Alisema ndani ya mashine hakujaguswa kitu.

Ilibaki kuizima. Bi. Gladwell alikuwa ameshapeleka mkono kwenye mausi Bw. Mukhisa alipomzuia. Alinong'ona kwamba inapozimwa nayo hupiga kamuziki kama inapowaka, na kwamba spika bado zimefunguliwa mpaka mwisho. Wote waliangalia kiti cha plastiki. Bi. Jentrix alipendekeza spika zipunguzwe. Bw. Mukhisa alisema kupunguza spika ni kugeuza alichoacha marehemu. Bi. Jentrix alipendekeza basi iachwe ikiwaka. Bw. Mukhisa, ambaye sasa alikuwa amekuwa mlinzi mkali wa desturi kuliko wenyewe, alisema mashine ilikutwa imezimwa, na kuiacha ikiwaka ni mabadiliko.

Mzee Wanyonyi alisema, "Hiyo mabadiliko naikubali mimi."

Iliachwa ikiwaka. Wimbo wa kufunga haukuimbwa na sala haikutolewa kwa sauti. Kila mtu aliomba kivyake huku akitafuta viatu, na kamati ilitoka kwa mlango wa jikoni ikiwa imevibeba mkononi, Mzee Wanyonyi akiwa wa mwisho ili avute mlango pole pole.

Kikao kilimalizikia nje, saa kumi na mbili kasoro jioni kwa saa ya Mwenyekiti. Matone yalikuwa yameanza, na wajumbe wote waliombwa wakashike turubai. Kumbukumbu hizi zilisomwa na kutiwa sahihi juu ya gunia la mahindi, kama zilivyo, unyevu ukiwemo.

Bw. Ndung'u, Mwenyekiti ………………………

Bw. Kipyegon, Katibu ………………………